Gari la Umeme Eastlands: Nafuu Iko Wapi?

Kwa familia nyingi za Kiislamu zinazoishi mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, gari si anasa. Ndilo linalompeleka mtoto madrasa na kumrudisha kabla ya Magharibi, ndilo linalomfikisha mama mjamzito hospitalini usiku wa manane, na ndilo linalobeba mzigo wa biashara kutoka Eastleigh au Gikomba. Kwa hivyo EPRA inapotangaza bei mpya ya petroli, na hufanya hivyo tarehe 14 ya kila mwezi, nyumba nzima hutega sikio. Katika hali hiyo si ajabu matangazo ya magari ya umeme yaliyotumika kuwavutia wengi: Nissan Leaf kutoka Japani, bei ya punguzo, na ahadi kwamba mnunuzi ameagana na petroli.

Fedha zinazotolewa kwa ununuzi huo aghalabu ni akiba iliyochumwa kwa taabu: zamu ya chama, mahari ambayo mke ameyahifadhi, au fungu lililowekwa kwa ajili ya Hija. Fungu la aina hiyo halifai kutolewa kwa sababu ya bango la punguzo. Nafuu ya gari la umeme haisomwi kwenye bei iliyobandikwa kiooni. Husomwa pahala pane: gari litakapolala, kilomita litakazokwenda, afya ya betri yake, na mkataba wa malipo. Tuyatazame moja baada ya jingine.

Gari litalala wapi?

Gari la petroli hunyweshwa kituoni kwa dakika tano. Gari la umeme hunyweshwa likiwa limelala. Ndiyo maana suali la kwanza halihusu gari, bali nyumba.

Katika mtaa wa Buruburu, uliojengwa miaka ya 1970 na 1980, nyumba nyingi zina ua na lango lake. Mwenye nyumba kama hiyo anaweza kuchaji gari usiku kucha. Soketi ya kawaida hutoa kilowati 2 hadi 3 hivi, kwa hivyo saa kumi za usiku hutia betrini yuniti 20 au zaidi kidogo, na hizo zatosha safari ya takriban kilomita 100. Sharti ni kwamba fundi wa umeme mwenye leseni akague nyaya kwanza na kutenga laini ya gari peke yake. Nyumba nyingi za zamani zimeongezwa vyumba mbele na nyuma huku nyaya zikibaki zile zile. Waya wa nyongeza unaopata joto usiku kucha wakati watoto wamelala ni hatari isiyolingana na punguzo lolote.

Hali ni nyingine kwa mpangaji wa ghorofa ya nne huko Pipeline, Kayole au Umoja, ambaye gari lake hulala kando ya barabara au kwenye uwanja wa kulipia. Kuteremsha waya kutoka dirishani kupita kwa jirani si suluhisho. Dini yetu inatukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine, na jirani ana haki zake. Mpangaji asinunue mpaka apate ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, soketi iliyo salama na mita inayoonyesha matumizi yake mwenyewe.

Wako wanaosema watategemea vituo vya kuchajia vya umma. Na waende kwanza wakavione kwa macho yao, tena saa ile ile watakayovihitaji. Waulize pia aina ya plagi, kwani Leaf huchajiwa kwa kasi kupitia plagi iitwayo CHAdeMO, na si kila kituo kinayo. Isitoshe, biashara hizi bado ni changa. Teksi za umeme za NopeaRide zilianza Nairobi mwaka 2018, na mwaka 2022 huduma hiyo ikafungwa baada ya kampuni mama ya Ufini kufilisika. Anayemtegemea mfanyabiashara mmoja kwa chaji yake aukumbuke mfano huo.

Hesabu ya kilomita

Nafuu ya umeme huja kidogo kidogo, kwa kila kilomita. Asiyeendesha sana hapati nafuu kubwa, hata gari lingekuwa zuri namna gani. Tuchukue bei za mfano, na kila msomaji aweke za mwezi wake. Petroli iwe shilingi 180 kwa lita, na gari la kawaida liende kilomita 12 kwa lita katika msongamano wa Jogoo Road. Umeme uwe shilingi 30 kwa yuniti pamoja na kodi, na gari liende kilomita 5 kwa yuniti moja, tukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Kila kilomita ya petroli itagharimu shilingi 15, na ya umeme shilingi 6. Kinachookolewa ni shilingi 9.

Sasa tuseme gari la umeme lazidi lenzake la petroli kwa shilingi 600,000. Familia inayokwenda kilomita 400 kwa mwezi, yaani skuli, soko na ziara za jamaa, huokoa shilingi 3,600 kila mwezi. Itachukua karibu miaka 14 kurudisha ile tofauti, na betri huenda isifike huko. Mwenye kwenda kilomita 1,000 huokoa shilingi 9,000 kwa mwezi, na tofauti hurudi baada ya miaka mitano na nusu. Mwenye gari la kubebea wanafunzi au teksi, anayekwenda kilomita 2,500, huokoa shilingi 22,500, na fedha zake hurudi baada ya miaka miwili na miezi michache. Ni gari lile lile na punguzo lile lile, lakini majibu ni matatu.

Katika hesabu hiyo ongeza mambo mawili. La kwanza, gari la umeme halina mafuta ya injini, plagi wala mkanda wa injini wa kubadilishwa, na breki zake hukaa muda mrefu. Matairi na sasupensheni, hata hivyo, huchakaa kwa mashimo yale yale. La pili, bei ya umeme wa nyumbani huenda kwa daraja. Anayepita yuniti 100 kwa mwezi huingia daraja la juu, na gari linalokwenda kilomita 1,000 hula yuniti 200 peke yake. Hivyo hata yuniti za taa na friji zitapanda bei. Tangu Aprili 2023 EPRA imeweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, iliyo nafuu zaidi saa za usiku. Kabla ya kununua, enda ofisi ya Kenya Power ukaulize masharti yake na kama nyumba yako yaweza kuwekewa mita hiyo.

Betri ndiyo bidhaa

Ununuapo gari la petroli unanunua injini. Ununuapo la umeme unanunua betri, na mengine ni bodi na viti. Ukubwa wa betri huhesabiwa kwa kilowati-saa, na kilowati-saa moja ndiyo hiyo yuniti moja tunayonunua kwa tokeni. Leaf ya mwaka 2011 ilikuwa na betri ya 24, na vipimo vya Marekani viliipa takriban kilomita 117 kwa chaji moja ilipokuwa mpya. Ile yenye betri ya 40 ilipewa takriban kilomita 243. Hayo ni ya upya wake. Betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza, na joto huizeesha haraka. Ubaridi wa Nairobi huifaa kuliko jua la Mombasa, lakini hakuna ajuaye betri hiyo imepitia jua gani kabla ya kufika yadi.

Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hivyo Leaf za mwanzo zinazouzwa kwa bei ya kutupa ni zilizokwisha kutumika Japani, kisha zikatumika hapa. Ukiikuta, tazama vijistari 12 vilivyo kando ya kipimo cha chaji. Cha kwanza hupotea baada ya betri kupungua kwa takriban asilimia 15, na kila kinachofuata kwa asilimia 6 hivi. Vikibaki 8, nguvu iliyobaki ni theluthi mbili. Zile kilomita 117 zimekuwa 78, na hizo hupungua zaidi kwa abiria, vilima na msongamano. Vijistari navyo vyaweza kuchezewa. Mchukue fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari pamoja na programu ya simu ya LeafSpy, kisha lichajiwe lijae na uliendeshe safari ndefu unayoijua urefu wake. Muuzaji akikataa safari hiyo, amekwisha kukujibu.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akatia mkono ndani, akakuta umajimaji. Mwenye mali akaeleza kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza ni kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione. Betri iliyochoka chini ya bodi inayong'aa ndiyo nafaka hiyo iliyolowa. Mnunuzi ana haki ya khiyari. Aandikishe kwamba betri ikionekana chini ya kiwango alichotajiwa, ndani ya muda waliokubaliana, gari litarudishwa na fedha zake zitarudishwa.

Kwa jamaa wa pwani kuna suali jingine: Idi tutashuka nalo? Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480. Hata betri ya 40 ikiwa mpya ingehitaji kuchajiwa njiani, tena mara mbili au zaidi kwa usalama. Familia nyingi zitalazimika kuliacha gari nyumbani na kupanda reli iliyoanza mwaka 2017, basi nauli hiyo nayo iingie kwenye hesabu.

Mkataba na riba

Gari linaweza kuwa zima, betri ikawa nzima, na mkataba ukawa mbovu. Mkopo wa riba haugeuki kuwa halali kwa kuwa gari halitoi moshi. Kwa bahati njema njia za halali zipo. Gulf African Bank na First Community Bank, ambayo sasa ni Premier Bank Kenya, zilifungua milango mwaka 2008 zikifuata sharia. Katika murabaha, benki hulinunua gari kwanza likawa mali yake, kisha hukuuzia kwa bei iliyotaja gharama na faida yake, na bei hiyo haibadiliki. Katika ijara, benki hubaki mmiliki nawe ni mpangaji.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita. Katika ijara ya kweli, hasara ya mali isiyotokana na uzembe wa mpangaji humwangukia mwenye mali. Kwa hivyo uliza: betri ikifa yenyewe mwaka wa tatu, ni nani atakayeigharimia? Biashara ya mabasi ya umeme imelijibu suali hilo mapema. BasiGo, iliyoanza majaribio Nairobi mwaka 2022 na kampuni za Citi Hoppa na East Shuttle, huitenga bei ya betri na bei ya basi, na mwenye basi huilipia betri kwa kila kilomita. Mnunuzi wa gari dogo asiyepewa mpango kama huo ajue kuwa mzigo wa betri ni wake, na auweke kwenye bei anayokubali kulipa. Aulize pia faini ya kuchelewa inakwenda wapi. Benki inayofuata sharia huitoa sadaka na haiifanyi kuwa faida yake.

Fedha za mke

Mali ya mke ni yake. Akitoa shilingi 300,000 za zamu yake kwa ajili ya gari, ni lazima ijulikane: ni zawadi, ni deni, au ni ushirika? Ikiwa ni ushirika, jina lake liwe kwenye hati ya umiliki, au pawe na waraka wenye mashahidi unaotaja fungu lake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inaamrisha deni liandikwe, wala haikuwatoa mume na mke. Wahenga nao wametuachia neno kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kuandika si kukosa kuaminiana. Siku ya talaka au ya mirathi, karatasi hiyo huwaepusha watoto na ugomvi wa watu wazima.

Basi mwenye ua wake, anayekwenda kilomita elfu moja au zaidi kwa mwezi, aliyeipima betri na kupata mkataba safi, ana biashara ya maana mbele yake. Aliyekosa pa kuchajia, au anayekwenda skuli na sokoni tu, atafaidika zaidi kwa kungoja, akiba yake ikibaki salama. Wote wawili waswali istikhara na watake ushauri wa fundi na wa mwanachuoni, kabla ya kulipa arubuni na si baada yake. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na vyombo vyenye baraka. Amin.