Fahamu: Kwa nini si kila tezi iliyovimba ni kifua kikuu

Mtu anayeishi na VVU akivimba tezi za shingo, akakonda na kutokwa jasho usiku, wengi hufikiria kifua kikuu (TB). Dhana hiyo ina msingi, kwani TB imeenea mno Afrika Mashariki. Lakini limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, huja na dalili hizohizo, na dawa za TB haziitibu. Ili kutofautisha, tezi huchukuliwa sampuli; anayesema upasuaji wa kuitoa ni ghali na sindano inatosha, yuko sahihi nusu tu. Sindano nyembamba hunyonya seli chache: inaweza kunasa vimelea vya TB, ila haionyeshi mpangilio wa tezi, na huo ndio mtaalamu wa patholojia anaohitaji kuusoma. Tezi nzima iliyotolewa kwa upasuaji huhifadhiwa kwenye fomalini, hukatwa vipande vyembamba mno, hutiwa rangi, kisha hupimwa protini za seli na virusi vya Epstein-Barr.

Fomu ya maabara nayo itaje hali ya kinga ya mgonjwa, kwani huathiri matibabu. Kwa mfano, baadhi ya uvimbe wa limfu wa waliopandikizwa figo hunywea pindi tu dawa za kushusha kinga zinapopunguzwa. Na TB ikithibitishwa, itibiwe. Tezi isiponywea kwa dawa za TB, ichunguzwe upya, maana mgonjwa mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili.