Bibi Edmonia Lewis, Mchongaji wa Sanamu

Katika jumba la sanaa la Smithsonian mjini Washington, Marekani, imo sanamu ya Malkia Cleopatra wa Misri, iliyochongwa katika marumaru nyeupe. Malkia ameketi juu ya kiti chake cha enzi, kichwa kimelegea, uhai umekwisha kumtoka, na nyoka aliyemwua yungali mkononi mwake. Uzito wa sanamu hiyo wapita ratli 3,000. Aliyeichonga ni mwanamke mweusi, na maisha yake yastahili kujulikana.

Mary Edmonia Lewis alizaliwa yapata mwaka wa 1844 katika jimbo la New York. Baba yake alikuwa mtu wa asili ya Afrika, na mama yake alikuwa na damu ya Waojibwe, wenyeji wa nchi ile tangu kabla ya kuja kwa Wazungu. Wazazi wake walifariki angali mtoto, akalelewa na ndugu za mama yake, waliokuwa wakiwauzia vikapu na viatu vya ngozi wageni waliokuja kutazama maporomoko ya Niagara. Kaka yake, aliyekwenda California kutafuta dhahabu, alimsaidia kwa karo.

Mwaka wa 1859 aliingia chuo cha Oberlin katika jimbo la Ohio, mojawapo ya vyuo vichache vilivyowapokea wanawake na watu weusi. Huko alipatwa na msiba. Mwaka wa 1862 wasichana wawili wa Kizungu waliugua baada ya kunywa divai aliyowapa, naye akashitakiwa kwamba aliwatilia sumu. Kabla ya kesi kusikizwa, watu wasiojulikana walimkamata usiku, wakampiga vibaya, wakamwacha nje katika baridi kali. Wakili wake, Bwana John Mercer Langston, ambaye pia alikuwa mtu mweusi, alionyesha kwamba hapakuwa na ushahidi wa sumu, na mashitaka yakafutwa. Hata hivyo aliondoka Oberlin bila kumaliza masomo yake.

Mwaka wa 1864 alikwenda Boston kujifunza uchongaji. Alitengeneza sanamu ya kichwa na mabega ya Kanali Robert Gould Shaw, Mzungu aliyeongoza kikosi cha askari weusi akafa vitani mwaka wa 1863. Aliuza nakala za plasta za sanamu hiyo, akapata nauli ya kwenda Italia, akakaa Roma.

Wakati ule wachongaji wengi wa kigeni huko Roma walifanya mfano wa udongo tu, kisha wakawaachia mafundi wa Kiitaliano kazi ya kuchonga jiwe. Bibi Lewis hakufuata desturi hiyo, bali alishika nyundo na patasi mwenyewe. Fedha zake zilikuwa chache, tena hakutaka mtu yeyote apate kusema kwamba kazi ile si yake. Ndivyo alivyochonga, mwaka wa 1867, sanamu ya mwanamume na mwanamke waliotoka utumwani, mwanamume ameinua mkono wenye mnyororo uliokatika.

Sanamu ya Cleopatra ilionyeshwa Philadelphia mwaka wa 1876, katika maonyesho ya kuadhimisha miaka 100 ya uhuru wa Marekani. Wengine waliisifu, wengine walishtushwa na mauti yaliyoonyeshwa bila kufichwa. Haikupata mnunuzi. Baadaye ilikaa katika baa mjini Chicago, kisha mcheza kamari mmoja akaiweka juu ya kaburi la farasi wake wa mashindano aliyeitwa Cleopatra. Mwisho ilitupwa katika uwanja wa kuwekea vifaa vya ujenzi, na vijana wa Skauti wakaipaka rangi kwa nia njema. Mwaka wa 1994 ndipo ilipopokewa na jumba la Smithsonian.

Mwenyewe alifariki London mwaka wa 1907, na kwa miaka mingi hata waandishi wa habari za maisha yake hawakujua alipozikwa. Kaburi lake lilipata jiwe jipya mwaka wa 2017, na mwaka wa 2022 Marekani ilitoa stempu yenye picha yake.

Wazee husema chanda chema huvikwa pete. Pete ya Bibi Lewis ilichelewa mno. Lakini kwa kuwa alichonga kwa mkono wake mwenyewe, hapana awezaye leo kusema kwamba ni ya mwingine.