ATOMI ZENYE JINA MOJA NA UZITO MBALIMBALI

Chumvi itiwayo katika mboga imefanywa kwa vitu viwili, sodiamu na klorini. Hiyo klorini iliwasumbua sana wataalamu wa karne ya 19, na sababu ilikuwa uzito wake.

Mwaka 1808 John Dalton, mwalimu wa mji wa Manchester katika Uingereza, alianza kuchapisha kitabu kilichofundisha ya kuwa kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi, na ya kuwa atomi zote za elementi moja, kama dhahabu au chuma, zalingana kabisa kwa uzito. Wataalamu wakaanza kupima. Hidrojeni, iliyo nyepesi kuliko zote, ikahesabiwa kuwa 1. Kaboni ikawa karibu 12, oksijeni karibu 16. Lakini klorini ilitoka 35 na nusu, na kila waliporudia kupima ikawa vile vile. Hiyo nusu ilitoka wapi?

Jibu lilichelewa zaidi ya miaka mia moja, maana ilipasa kwanza kujua yaliyomo ndani ya atomi. Mwaka 1897 J. J. Thomson wa Cambridge alivumbua elektroni, chembe nyepesi yenye umeme. Mwaka 1911 Ernest Rutherford, mzaliwa wa New Zealand, alionyesha ya kuwa karibu uzito wote wa atomi umo katika kiini kilicho katikati. Kama atomi ingalikuwa kubwa kama kiwanja cha mpira, kiini chake kingalikuwa kama punje ya mtama.

Ndipo mwaka 1913 Frederick Soddy, aliyekuwa akifundisha Glasgow, alipotamka neno lililompinga Dalton: atomi za elementi moja zaweza kuhitilafiana kwa uzito, na tabia zao zikawa zile zile. Aliziita isotopu, jina alilopewa na daktari mwanamke, Margaret Todd, na maana yake kwa Kiyunani ni "mahali pale pale".

Mwaka 1919 Francis Aston alitengeneza chombo cha kutenga atomi kwa uzito, akakuta ya kuwa klorini ni ya namna mbili, 35 na 37, na ile nyepesi ni karibu mara tatu ya ile nzito kwa wingi. Mtu mwenye mbuzi watatu wa ratli 35 na mmoja wa ratli 37, akijumlisha na kugawanya kwa nne, atapata ratli 35 na nusu. Lakini zizini mwake hamna mbuzi hata mmoja wa uzito huo!

Mwaka 1932 James Chadwick alivumbua nyutroni, na jambo likaeleweka. Protoni za kiini ndizo ziipazo elementi jina lake: klorini daima ina 17. Nyutroni huongeza uzito tu, nazo ni 18 au 20.

Isotopu nyingine hazidumu. Potasiamu, iliyomo katika majivu na ndizi, ina isotopu adimu ya 40, ambayo nusu yake hugeuka kwa muda wa miaka milioni 1,250, na sehemu yake huwa gesi ya agoni. Mawe ya volkeno yakiwa moto huipoteza gesi hiyo. Yakipoa huanza kuikusanya upya, na kwa kuipima umri wa mawe hujulikana. Mwaka 1959 Mary Leakey alipata fuvu la kale huko Olduvai, Tanganyika, na mumewe Louis alikisia umri wake kuwa zaidi ya miaka 600,000. Mwaka 1961 wataalamu wa California walipima agoni ya mawe ya hapo, wakapata miaka 1,750,000.