Kuiacha Do: Usasa katika Muziki wa Ulaya Ukisikilizwa kutoka Oldeani

Oldeani iko chini ya mlima wenye jina hilohilo, kusini mwa kreta ya Ngorongoro, katika wilaya ya Karatu. Ni eneo ambamo lugha za Kikushi, Kinailoti na Kibantu zinakutana, pamoja na Kihadza cha bonde la Ziwa Eyasi ambacho wanaisimu hawajakipatia ndugu asiye na ubishi. Wairaqw, Wadatoga, Wamaasai na Wahadzabe wana uimbaji wao, na hakuna kati yao aliyejifunza sauti zake kutoka kwenye kinanda. Hata hivyo, sikio la kijana wa leo wa Oldeani limelelewa pia na shule nyingine, yaani kwaya ya kanisa yenye sauti nne na karatasi za solfa. Makala haya yanafafanua mbinu za usasa katika muziki wa Ulaya wa mwanzo wa karne ya 20 kwa kuanzia kwenye karatasi hizo, kwa kuwa ndizo zinazodhihirisha kile ambacho watunzi wa wakati huo walikiacha.

Mfumo wa solfa ulikuzwa Uingereza katika karne ya 19 na Sarah Glover na, baada yake, John Curwen. Ndani yake noti haitambuliwi kwa kimo chake halisi bali kwa uhusiano wake na do. Ti ni ti kwa sababu iko nusu hatua chini ya do. Mwanakwaya anayeimba ti mwishoni mwa ubeti anajua, bila kuelekezwa, kwamba anapaswa kupanda do. Akikatizwa hapo, wimbo unabaki umening'inia. Mvuto huo, ambao hapa utaitwa utawala wa do, ulikuwa nguzo ya muziki wa Ulaya kwa karne kadhaa. Jambo la kushangaza ni kwamba wamisionari walipokuwa wakiufundisha katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, watunzi wa Paris na Vienna walikuwa tayari wanauhama.

Claude Debussy aliuhama kimyakimya. Katika kipande chake cha piano kiitwacho Voiles, kilichomo katika kitabu cha kwanza cha Préludes cha mwaka 1910, alitumia kwa sehemu kubwa skeli yenye hatua nzima tupu. Kwa solfa skeli hiyo ni do, re, mi, fe, se, le, kisha do. Fa haipo, so haipo, na zaidi ya yote ti haipo. Mwalimu wa kwaya anaweza kulijaribu jambo hili kwa dakika chache: waimbaji wakifika se huanza kubabaika, kwani hatua zote zinalingana na hakuna inayowaonyesha njia ya kurudi nyumbani. Yeyote kati ya sauti hizo sita anaweza kuwa do, na kwa hiyo hakuna aliye do.

Arnold Schoenberg alikwenda mbali zaidi. Katika Vipande Vitatu vya Piano, Op. 11, vya mwaka 1909, utawala wa do umekoma, na hapo solfa yenyewe inashindwa kazi. Mtu anaweza kuandika herufi zake juu ya karatasi, lakini herufi hizo hazina maana tena, kwa kuwa kila moja ni jina la uhusiano na kitu ambacho hakipo. Uhuru huo ulizaa tatizo lake: bila do, ni nini kitakachokishikilia kipande kirefu kisisambaratike? Jibu la Schoenberg, lililokamilika takribani mwaka 1923, lilikuwa mfuatano wa sauti zote 12 katika mpangilio mmoja uliochaguliwa na mtunzi. Mfuatano huo unaweza kutumiwa kama ulivyo, kurudishwa kinyumenyume, kupinduliwa ili kilichopanda kishuke, au kupinduliwa na kurudishwa kwa pamoja. Kila sura kati ya hizo nne inaweza kuanzia katika kimo chochote kati ya 12, hivyo zinapatikana sura 48. Mwanafunzi wake, Anton Webern, katika Simfonia yake ya 1928, alibuni mfuatano ambao nusu yake ya pili ni nusu ya kwanza iliyorudishwa kinyume katika kimo kingine. Msomaji aliyezoea shairi la mizani 16 na vina vya kati na vya mwisho hana sababu ya kuliona sharti hili kuwa la ajabu.

Kuhusu mapigo, Igor Stravinsky ndiye anayetajwa kwanza. Katika onyesho la The Rite of Spring mjini Paris tarehe 29 Mei 1913, wapiga vinanda vya nyuzi walirudiarudia mkusanyiko mmoja wa sauti kwa mapigo yaliyolingana, huku mkazo ukiangukia pasipotarajiwa. Mtu aliyewahi kusimama kando ya Wamaasai wakiimba, olaranyani akiongoza na kundi likijibu kwa mivumo ya koo, hatatishwa na tabaka za mapigo. Lakini kudai kwamba Stravinsky aliiga Afrika ni kwenda mbali mno. Melodia inayofungua kazi hiyo ilitoka katika mkusanyo wa nyimbo za Kilithuania.

Uhusiano wa kweli na eneo hili ulipitia kwenye fonografu. Béla Bartók alianza kurekodi nyimbo za wanavijiji wa Hungaria kwa mashine hiyo mwaka 1906, na mwaka 1913 alirekodi Biskra, Algeria. Huko Berlin, Erich von Hornbostel alichapisha mwaka 1909, mwaka uleule wa Op. 11, uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi. Wote wawili walihudhuria Kongamano la Muziki wa Kiarabu la Cairo mwaka 1932. Mwaka uliofuata utawala wa Kinazi ulimwondoa Hornbostel kazini kwa sababu mama yake alikuwa Myahudi, na Schoenberg akahamia Marekani. Katika miaka hiyohiyo walowezi wa Kijerumani walikuwa wakilima kahawa Oldeani.

Mwaka 1928 Hornbostel alikuwa ameshikilia kwamba muziki wa Kiafrika na wa Kiulaya umejengwa juu ya misingi tofauti kabisa, kiasi kwamba hauwezi kuchanganywa. Hoja hiyo iliulinda muziki wa Kiafrika dhidi ya zaburi za kigeni, lakini pia ilimfungia mlango mtunzi wa Kiafrika, kana kwamba kuhama nyumba ya do ni haki ya mzaliwa wa Vienna pekee. Padre Stephen Mbunga wa Tanzania, katika kitabu chake cha 1963 kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, alitetea nafasi ya muziki huo ndani ya ibada. Justinian Tamusuza wa Uganda alitunga Mu Kkubo Ery'Omusaalaba kwa ajili ya vinanda vinne vya nyuzi, na Kronos Quartet wakaijumuisha katika albamu yao Pieces of Africa ya mwaka 1992. Humo vipande vifupi vya sauti vinajirudia na kushikana kwa namna inayokaribia zaidi uchezaji wa Waganda kuliko mfuatano wa sauti 12.