Saa Tisa, Mtoto Wako Iko Wapi?

Tuanze na swali moja. Leo saa tisa ya mchana, mtoto wako iko wapi? Usijibu mbio. Usiseme, «Iko ku masomo», maana masomo mengi ya miji yetu yanagawanya siku mara mbili: wamoja wanasoma asubuhi, wengine nyuma ya saa sita. Mtoto wa asubuhi anatoka mapema, lakini mama angali ku soko na baba angali ku kazi. Saa zile za katikati hazina mwenyewe.

Kwetu Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, mtoto asiye na mchungaji hakosi pa kwenda. Kuna barabara ya malori ya madini. Kuna mashimo yaliyoachwa wazi. Kuna mito ambako mawe yanaoshwa. Mwaka wa 2014, UNICEF ilikadiri kwamba watoto karibu 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika machimbo ya kusini mwa Kongo. Na uchunguzi wa Amnesty International na Afrewatch, uliotolewa Januari 2016, ulionyesha kwamba wengine kati yao walikuwa wanafunzi: walikwenda kutafuta feza nyuma ya masomo na wakati wa konje.

Zamani, katika kambi za Gécamines, kampani ilikuwa na masomo, hospitali na foyer za akina mama. Leo mzigo mkubwa umeangukia wazazi wenyewe. Juu ya hiyo, tunafurahi tukiona parokia ao akina mama wa kata wanafungua mahali pa kuchunga watoto nyuma ya masomo. Lakini mlango uliopakwa rangi nzuri hauonyeshi yaliyo ndani.

Tuseme mama mmoja anauza unga. Kila mwezi analipa feza ya kuchunga kijana wake wa miaka kumi. Siku moja unga unaisha mapema, anapita kumchukua. Wanafungua daftari: jina liko, alama iko. Lakini mtoto mwenyewe hayuko! Wanamtafuta ku choo, wanamtafuta ku kiwanja. Mangaribi anarudi mwenyewe, miguu imejaa matope, kumbe alikuwa ku mto anaosha mawe. Daftari halikusema uongo: saa saba aliingia kweli. Kosa ni kwamba nyuma ya pale hakuna mtu aliyehesabu tena.

Njo maana, mzazi, kabla ya kutoa feza, nenda ujionee mwenyewe. Nenda mara mbili: mara ya kwanza kwa kuagana, mara ya pili bila kutoa habari, katikati ya mchana. Hivi ndivyo vya kuangalia.

Kwanza, hesabu. Uliza: «Sasa hivi watoto ni wangapi?» Mchungaji mwema atajibu bila kutafuta-tafuta. Watoto wahesabiwe wakiingia, wakila, na wakitoka.

Pili, mlango. Nani ana ruhusa ya kumchukua mtoto wako? Majina yaandikwe. Siku ile ya kwenda bila kuagana, ukipita mpaka ndani bila mtu kukuuliza wewe ni nani, ujue mtu mwingine pia anaweza kupita.

Tatu, wachungaji. Mtu mzima mmoja kwa watoto kumi ao kumi na wawili, inafaa. Mmoja kwa watoto makumi ine, pale hakuna kuchunga. Tena, mtu mzima asijifungie peke yake na mtoto mmoja. Mahali pazuri hawakasiriki ukiuliza jambo hilo.

Ine, maji na choo. Kolera tunaijua huku kwetu. Maji ya kunywa yafunikwe, choo kiwe safi, na sabuni iwe karibu na maji ya kunawa. Uangalie kama watoto wananawa kweli mbele ya kula.

Tano, kiwanja. Kuna shimo? Kuna waya wa umeme unaoning'inia? Mtoto akiumia ao akipata homa, wanamwita nani, na wanampeleka wapi?

Sita, fimbo. Mtoto akikosa, wanamfanyia nini? Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inalinda kila mtoto asiyefikisha miaka 18. Kuchungwa si kupigwa.

Saba, mtoto mwenyewe. Usimuulize tu, «Ilikuwa muzuri?» Atasema ndiyo, basi. Muulize: «Leo ulicheza na nani? Nani alikukasirikia? Kuna mtu aliyekuambia usituambie kitu?» Kama mtoto aliyekuwa akifurahi anaanza kulia kila akipelekwa pale, usimwite mvivu. Keti naye, msikilize.

Labda utasema: «Mimi ni masikini, sina pa kuchagua.» Ni kweli, mara nyingi pako pamoja tu. Lakini daftari na kalamu si bei kali, na kufunika maji hakuombi kampani. Ungana na wazazi wengine, ongeeni na wachungaji kwa heshima, saidieni kwa zamu. Mambo mengi yanatengenezwa polepole. Lakini kama mtoto anapigwa vibaya ao anashikwa-shikwa kwa siri, usingoje hata siku moja: mtoe, na upeleke habari kwa wakubwa wenye kazi ya kulinda watoto.

Na ninyi vijana, wengi wenu njo mnaokwenda kuchukua wadogo zenu. Macho yenu yanaona yale ambayo baba na mama hawaoni. Mkiona jambo, semeni nyumbani.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kesho saa tisa, acha kazi kidogo, ujiulize tena: mtoto wangu iko wapi, na iko na nani? Kama unaweza kujibu bila kubahatisha, shukuru. Kama huwezi, kesho-kutwa usikose kupita pale.