Gari la kilometa 300,000 bado lina hesabu

NI kawaida kumwona mnunuzi katika yadi ya magari jijini Dar es Salaam akiingiza kichwa dirishani kabla hata ya kutazama tairi. Anatafuta tarakimu za kilometa kwenye dashibodi. Akikuta 85,000 anatabasamu. Akikuta 240,000 anafunga mlango na kulifuata gari la pili. Kwa mtu anayetaka gari la kwendea kazini na kanisani, tabia hiyo ina mantiki yake. Kwa mfanyabiashara anayeweka akiba ya miaka kadhaa katika kipanya au teksi, inaweza kumpoteza.

Tupige hesabu. Gari la biashara likitembea kilometa 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, linamaliza kilometa 3,900 kila mwezi na 46,800 kwa mwaka. Lile la kilometa 85,000 lililomfurahisha mnunuzi litafika 300,000 kabla miaka mitano haijaisha. Wengi wa wenye mitaji midogo hununua kwa mkopo au kwa fedha za kikundi, na miaka miwili mitatu ya mwanzo hesabu anayoleta dereva yote inakwenda kurudisha fedha ya watu. Faida yenyewe inaanza pale tarakimu zinapoanza kutisha. Mwenye gari ambaye injini yake inakufa wakati huo amefanya kazi ya kumlipa aliyemkopesha tu.

Kwa hiyo swali la mfanyabiashara ni moja: nini kifanyike ili gari livuke 300,000 likiwa bado linaleta fedha nyumbani?

Kwamba inawezekana halina ubishi. Dereva teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, alinunua Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1976 ikiwa tayari imetumika kilometa 220,000. Hiyo ilikuwa mwaka 1981. Alipoikabidhi kwa makumbusho ya kampuni hiyo mwaka 2004, ilikuwa imetembea kilometa milioni 4.6. Injini ilibadilishwa zaidi ya mara moja, lakini gari lilibaki kazini. Huko Marekani, mwalimu Irv Gordon wa New York alinunua Volvo 1800S mwaka 1966, na mwaka 2013 akatimiza nayo maili milioni tatu, sawa na kilometa milioni 4.8. Siri yake haikuwa ya ajabu: alifuata kitabu cha gari na kumwaga oili kwa wakati.

Hata hivyo msomaji asidanganyike. Maili za Gordon nyingi zilikuwa za barabara kuu, injini ikiwa na moto wake wa kawaida na mwendo mmoja. Kipanya cha Mbagala kinasimama kwenye foleni, injini inanguruma, kilometa hazisogei. Saa mbili za foleni zinachosha oili huku dashibodi ikionyesha kilometa chache tu. Ndiyo maana magari mawili yenye tarakimu sawa, moja la Dodoma na moja la mjini, hayawezi kuwa na afya sawa. Gari la foleni lihesabiwe uzee zaidi ya linavyosoma.

Oili: akiba inayokula mtaji

Hapa ndipo fedha nyingi inapopotea, na inapotea kwa jina la kubana matumizi.

Tuseme kumwaga oili pamoja na filta kunagharimu sh. 90,000 (msomaji aweke bei ya gereji yake). Kwa kila kilometa 5,000, gari letu linahitaji huduma hiyo mara tisa kwa mwaka, jumla sh. 810,000. Mwenye gari akiamua kuruka mara moja kila baada ya moja, anaokoa kama sh. 405,000 kwa mwaka. Anajiona mjanja.

Sasa injini ishuke. Tuseme matengenezo makubwa, yaani kuchonga silinda, pistoni, ringi, beringi na gasketi, yanafika sh. milioni 3. Gari linalala wiki tatu, siku 18 za kazi. Kama hesabu ni sh. 60,000 kwa siku, hapo zimepotea sh. 1,080,000 nyingine. Jumla ni sh. 4,080,000. Gawanya kwa zile 405,000: mjanja wetu anahitaji miaka kumi ya kuruka oili ili afidie injini moja. Hakuna injini ya foleni itakayompa miaka hiyo kumi.

Oili haichakai kwa kuwa nyeusi peke yake. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kumwagwa, na hilo si kosa. Kinachokwisha ni dawa zilizochanganywa ndani yake, zile zinazozuia tindikali na kubeba masizi yasigande. Zikiisha, utelezi unageuka tope, tope linaziba njia nyembamba za oili, na sehemu za juu za injini zinakuwa za kwanza kukaukiwa. Dereva anasikia mlio wa tik-tik asubuhi. Anaongeza sauti ya redio.

Kuna na oili ya kughushi, chafu iliyochujwa na kurudishwa kwenye galoni lenye jina kubwa. Nunua kwa muuzaji mwenye risiti na anuani, tazama kizibo kama hakijafunguliwa, na ukimaliza toboa galoni lako tupu ili lisirudi sokoni. Injini iliyozeeka ikianza kula oili kidogo, lita moja katika kilometa 2,000 mathalani, bado inaweza kufanya kazi muda mrefu, mradi kijiti kikaguliwe kila asubuhi na kipimo kisishuke. Injini nyingi zilizokufa "ghafla" zilikufa kwa kukosa lita mbili.

Maji na ile thamostati iliyotupwa

Kosa la pili ni la maji. Maji ya kisima ya Dar es Salaam, mengi yana chumvi. Yakiwekwa kwenye rejeta mwaka hadi mwaka yanaacha magamba na kutu, mirija inaziba, na siku ya jua kali kwenye foleni gari linachemsha. Silinda hedi ya aluminiamu ikichemka vizuri mara moja inapinda, gasketi inaachia, maji yanaingia kwenye oili. Kulanti inaonekana ghali dukani, lakini inazuia kutu, kazi ambayo maji matupu hayaiwezi. Asiyeimudu atumie angalau maji safi yasiyo na chumvi, na aongeze kulanti mara apatapo fedha.

Mafundi wengi hutoa thamostati na kuitupa, wakisema hii ni nchi ya joto. Ukurasa huu unapingana nao. Bila thamostati injini inachelewa kupata moto wake, inakunywa mafuta zaidi na silinda zinaliwa haraka. Tena katika injini nyingi za Toyota, kile kidude ndicho kinachofunga njia ya mkato ya maji injini inapopata moto. Kikitolewa, sehemu ya maji inazunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, na gari lililoponywa kuchemsha linachemsha zaidi. Thamostati mpya ni bei ya hesabu ya siku moja, pengine pungufu.

Mkanda usiotoa taarifa

Magari mengi ya dizeli ya Toyota yaliyopo katika biashara, yakiwamo Hiace za injini 3L na 5L, yana mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilometa 100,000. Kwenye dashibodi ipo taa yenye maandishi T-BELT inayowaka zikitimia. Baadhi ya mafundi huichomoa balbu, au huizima bila kugusa mkanda. Mkanda ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, valvu zinagongana na pistoni, na hapo tumerudi kwenye zile sh. 4,080,000. Kwa gari dogo la petroli la injini 5A mkanda ukikatika gari linazima tu, valvu zinasalimika. Injini ya 1NZ inatumia cheni badala ya mkanda, na adui wa cheni ni oili chafu. Mfanyabiashara ajue injini yake ni ipi kabla ya kusikiliza ushauri wa kijiweni.

Mkanda huohuo unamsaidia mnunuzi. Mafundi wa Japani wana desturi ya kubandika kibandiko kwenye kifuniko cha mkanda au ndani ya boneti, kikionyesha kilometa za siku ulipobadilishwa. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu zinasomeka. Ukikuta kibandiko kimeandikwa 198,000 na dashibodi inasoma 85,000, huna haja ya mkalimani. Tazama pia mpira wa pedali ya klachi na breki na kiti cha dereva. Vitu hivyo havirudishwi nyuma kwa bisibisi.

Moshi usomwe kabla injini haijashushwa

Fundi anayelipwa kwa kushusha injini ataona sababu ya kuishusha. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi tu gari linapowashwa kisha ukapotea, mara nyingi ni sili za valvu, kazi ndogo kuliko ovahoo. Moshi wa bluu usioisha, unaozidi gari likipanda mlima na mzigo, unaelekea kwenye ringi na silinda. Moshi mweusi wa dizeli ni nozo, pampu au filta ya hewa iliyojaa vumbi. Moshi mweupe wenye maji yanayopungua ni gasketi ya hedi. Kabla ya kukubali lolote kubwa, dai kipimo cha mgandamizo wa silinda. Kinachukua nusu saa hivi, na kinaweza kuonyesha kwamba silinda moja tu ndiyo mgonjwa.

Ikibidi, wapo wanaochagua injini iliyotumika kutoka Japani. Zinapatikana Shauri Moyo na Gerezani, kama zinavyopatikana Kirinyaga Road kwa wenzetu wa Nairobi na Kisekka kwa wa Kampala. Kibiashara si wazo baya, kwa kuwa gari linarudi barabarani haraka kuliko likisubiri kuchongwa. Ila kabla haijafungwa, ikiwa bado iko chini, badilisha mkanda, sili za mbele na nyuma na pampu ya maji. Kuzifikia baadaye ni kulipa ufundi mara mbili. Na hakikisha namba ya injini mpya inaingizwa kwenye kumbukumbu za usajili. Trafiki na mnunuzi wa kesho wote watauliza.

Daftari na dereva

Utunzaji wote huu unahitaji fedha iliyokwishatengwa. Njia nyepesi ni kutenga kwa kilometa. Kwa sh. 100 kwa kila kilometa, gari letu linaweka sh. 390,000 kwa mwezi. Hiyo ni robo kamili ya hesabu ya mwezi ya sh. 1,560,000, na wengi watasema ni nyingi. Lakini ndani yake zimo oili, tairi, breki, shokapu, bolijointi, mkanda, na sehemu ya injini ya miaka ijayo. Fedha hiyo ikae mbali na ya mboga, katika akaunti au laini ya simu isiyotumika kwa jambo lingine. Asiyeitenga huitoa vilevile, ila huitoa siku moja na kwa kukopa.

Anayesikia gari kwanza ni dereva, na mpango wetu wa hesabu unamfunza kunyamaza. Akisema breki zinalia, gari linakwenda gereji na yeye analala njaa. Mbaya zaidi, baadhi ya matajiri humdai hesabu hata ya siku hiyo. Kwa nini aseme? Ataendelea mpaka chuma kikutane na chuma. Tajiri mwenye akili asidai hesabu siku ya gereji, na ampe dereva chochote cha kula siku hiyo. Elfu kumi inayotolewa hivyo inanunua taarifa za mapema. Deiwaka naye azuiwe kulichukua gari bila kujulikana, kwa sababu gari la madereva watatu halina wa kulisemea.

Daftari liwe moja, likae nyumbani kwa mwenye gari. Kila safari ya gereji iandikwe tarehe, kilometa, kilichofanywa na fedha, risiti ibanwe hapo hapo.

Wakati wa kuachia unafika, na si injini inayoamua. Injini inabadilishwa, giaboksi inabadilishwa. Chasisi iliyooza haina dawa ya kibiashara, maana ndiyo iliyobeba namba ya chasisi na ndiyo inayobeba abiria. Magari yanayovuka kivuko cha Kigamboni kila siku na yale yanayolala karibu na bahari yaoshwe chini kwa maji baridi kila wiki, na mwenyewe aingie uvunguni na nyundo ndogo mara mbili kwa mwaka. Nyundo ikizama, liuzwe kwa spea, usilifiche kwa rangi. Vilevile kama daftari linaonyesha miezi mitatu mfululizo ambayo gereji imekula zaidi ya nusu ya hesabu, ni wakati wa kutafuta mnunuzi, gari likiwa bado linatembea.

Mnunuzi huyo ataingiza kichwa dirishani, ataziona 340,000 na ataanza kufunga mlango. Mpe daftari alisome kabla hamjataja bei.