Mwanasesere, Karagosi na Mwana Hiti

Katika vipindi vingi vya Kiswahili hapa Uganda, kila kitu kidogo chenye umbo la mtu huitwa mwanasesere, na somo husonga mbele. Kwa maoni yetu haraka hiyo inawanyima wanafunzi mengi, kwani vitu vinavyofunikwa na neno hilo havina asili moja wala kazi moja.

Mwanasesere ni mtoto wa kuchezea. Msichana humbeba mgongoni, humwogesha na kumlaza. Hapa kwetu aghalabu hutengenezwa kwa magamba makavu ya mgomba, yale Waganda wayaitayo ebyayi. Magamba hukunjwa kuwa kichwa, hufungwa shingoni kwa ukanda wa gamba lilelile, kisha mtoto huvalishwa kitambaa. (Wavulana nao hufunga mpira kwa magamba hayohayo.) Kisarufi huingia katika ngeli ya A-WA: mwanasesere amelala, wanasesere wamelala. Mwanafunzi anayeandika "mwanasesere imeanguka" ana hoja, maana kitu hicho hakina uhai. Ila lugha hapa imemfuata mtoto anayecheza. Kinyago, hata kikichongwa kwa sura kamili ya mtu, hubaki katika KI-VI.

Karagosi ametoka mbali. Neno hili asili yake ni Karagöz, yaani "jicho jeusi", jina la mhusika mkuu wa michezo ya vivuli ya Waturuki. Sanamu bapa za ngozi, zilizopakwa rangi na kupenyeza mwanga, huchezeshwa kwa vijiti nyuma ya pazia huku taa ikiwaka. Michezo hiyo ilienea hadi nchi za Kiarabu wakati wa dola la Uthmaniya, na mwaka 2009 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kwa kuwa karagosi hana mwendo wake mwenyewe, Kiswahili kimempa pia maana ya mtu anayetumiwa na wengine, sawa na kibaraka. Hatuoni sababu ya kumpa jina hilo mtoto anayebembelezwa.

Mwana hiti ndiye anayeonewa zaidi. Huyu ni sanamu ndogo ya mti ya Wazaramo wa pwani ya Tanzania, na majirani zao kama Wakwere wanayo pia. Kiwiliwili chake ni kama gogo la mviringo, hakina mikono wala miguu. Kichwani nywele zimesukwa zikainuka, mara nyingi pande mbili. Matiti na kitovu huonyeshwa kwa alama chache tu. Mchongaji ameacha karibu kila kitu, na bado tunamwona mwanamke. Mwali alipowekwa ndani alikabidhiwa sanamu hiyo aitunze: aiogeshe, aipake mafuta, kama atakavyomtunza mtoto wake. Uzazi na mwendelezo wa ukoo wa mama vilihusishwa nayo, na umbo hilohilo lilichongwa kwenye fimbo za wakubwa na nguzo za makaburi. Kitu kinachosimama kaburini hakiwezi kuwekwa katika orodha moja na mpira na gololi.

Kwa hiyo mwalimu anayeonyesha picha yake katika mada ya michezo ya watoto ni afadhali aihamishie mada ya jando na unyago. Na katika ile ya michezo, magamba ya mgomba yapo nyuma ya madarasa mengi: wanafunzi wamtengeneze mwanasesere huku wakieleza kwa Kiswahili kila hatua, kukunja, kufunga, kuvisha.